Chai yangu ni chungu lakini haina ladha, nakosea wapi?

Swali: Nimeanza kujipikia chai hivi karibuni. Ninaweka kila kitu kwenye sufuria kwa mkupuo: maji, maziwa, majani, tangawizi na sukari, halafu naiacha itokote mpaka rangi ikolee. Inatoka nyekundu sana, inakausha ulimi, lakini harufu hamna. Nikipunguza majani napata maji ya rangi tu. Siku nyingine maziwa hukatika kabisa. Nifanyeje niipate chai yenye ladha?

Jibu: Asante kwa kueleza hatua zako moja moja, maana kosa limo humo humo. Majani yako huenda hayana tatizo lolote. Tatizo ni kwamba unayaacha kwenye moto muda mrefu mno, na jani la chai halitoi vyote vilivyomo ndani yake kwa wakati mmoja. Harufu na utamu hutangulia. Ukakasi huja nyuma, na huendelea kuja hata baada ya mazuri kwisha kutoka. Unaposubiri rangi ikolee, kwa kweli unasubiri ukakasi. Kwa hiyo ukiona chai ni nyepesi, ongeza majani, usiongeze muda. Ukilishika hilo peke yake, chai yako itabadilika kesho asubuhi.

Tuanze na jani lenyewe. Chai nyeusi, chai ya kijani na chai nyeupe zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachozitenganisha ni yale yanayotendeka baada ya kuchumwa. Majani ya chai nyeusi hunyaushwa, kisha husokotwa au kusagwa ili maji yake yatoke na kukutana na hewa. Hapo vimeng'enya vya jani, yaani protini zinazochochea mabadiliko ndani yake, hufanya kazi, rangi hugeuka kuwa ya shaba na harufu mpya huzaliwa. Majani ya chai ya kijani hupitishwa kwenye joto mapema ili vimeng'enya hivyo vife, ndiyo maana hubaki kijani.

Ndani ya kikombe chako kuna mambo makubwa matatu. Kuna mafuta ya harufu, ambayo ni mepesi sana na huruka pamoja na mvuke. Kuna kafeini, ambayo ni chungu na hutoka mapema. Halafu kuna polifenoli, zile ambazo watu wengi huziita tanini: hizi ndizo zinazoipa chai rangi, uzito mdomoni na ule ukavu unaousema. Zinashikana na protini za mate, ulimi unapoteza utelezi wake, nawe unahisi umekauka. Zikiwa kiasi, chai inachangamka. Zikizidi, hakuna sukari itakayoiokoa. Kuna pia theanini, asidi amino inayoleta utamu fulani mzito usio wa sukari, na ambayo hujitokeza vizuri chai isipopikwa kupita kiasi.

Sasa fikiria kinachotokea sufuria ikitokota wazi dakika kumi na tano. Ile harufu nzuri inayojaa jikoni ni harufu iliyokwisha kukihama kikombe chako. Kinachobaki ni rangi na ukakasi. Ndiyo sababu unapata chai nyekundu isiyonukia, na ndiyo sababu ninasisitiza mfuniko kila hatua inaporuhusu.

Je, majani kiasi gani? Sisi tunaoonja chai kwa kazi tuna kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980. Kinaelekeza gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa dakika 6. Usikifuate nyumbani. Kiliwekwa ili chai za aina mbalimbali zilinganishwe kwa haki na kasoro zake zijitokeze, na chai inayopatikana ni kali mno kwa kunywa kwa raha. Kwa chai ya rangi nyumbani, anza na gramu 2 hadi 2.5 kwa kikombe cha mililita 200. Kwa chai ya maziwa panda hadi gramu 3, kwa sababu maziwa humeza sehemu ya ukali.

Mizani ndogo ya jikoni itakusaidia kuliko chombo kingine chochote utakachonunua kwa ajili ya chai. Kijiko hudanganya. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha majani ya punje hubeba takriban gramu 2, lakini kijiko hicho hicho kikijazwa majani marefu yaliyosokotwa kinaweza kubeba nusu tu ya uzito huo, kwa kuwa majani hayo yana nafasi nyingi katikati. Mtu hubadilisha aina ya majani, anabaki na kijiko kile kile, kisha anailaumu chai mpya kwamba haina nguvu. Kama huna mizani, chagua aina moja ya majani na kijiko kimoja, uvizoee hivyo viwili kabla ya kuhangaika na mengine.

Ukubwa wa jani ndio unaoamua muda. Chai ya punje, ambayo viwandani huitwa CTC, hutengenezwa kwa mashine zenye roli za meno zinazoliponda, kulirarua na kulikunja jani. Mbinu hiyo ilianzia Assam, India, katika miaka ya 1930. Punje zake ni ndogo, maji huzipenya upesi, kwa hiyo dakika 2 hadi 3 zinatosha. Majani makubwa yaliyosokotwa hufunguka polepole na huhitaji dakika 4 au 5. Chai ya mifuko imejazwa chembe ndogo zaidi na hutoa karibu kila kitu ndani ya dakika 2 au 3. Mfuko mmoja huwa na takriban gramu 2, yaani ni wa kikombe kimoja. Ukiuzungusha kwenye vikombe vitatu, hayo maji ya rangi unayoyalalamikia hayaepukiki.

Namba hizi zote ni pa kuanzia tu. Ulimi wako ndio utakaokata shauri, na ulimi hufundishika kwa urahisi ajabu. Ninakuomba ufanye zoezi hili mara moja, siku ambayo huna haraka. Pima gramu 5 za majani unayotumia siku zote. Yaweke kwenye birika au jagi lililopashwa moto, mimina mililita 400 za maji yanayochemka, funika, anza kuhesabu. Dakika ya kwanza ikiisha, chota vijiko viwili vya chai kupitia chujio, weka kwenye kikombe kidogo. Chota tena dakika ya pili, ya tatu, ya nne, ya sita na ya nane, kila mchoto kwenye kikombe chake. Usitie sukari wala maziwa. Viache vipoe kidogo, kisha onja kwa kufuata mpangilio, ukivuta chai kwa sauti ili hewa iingie pamoja nayo; harufu nyingi huisikia pua kwa kupitia nyuma ya koo, na hewa ndiyo inayoifikisha huko.

Kikombe cha kwanza kitakuwa na harufu lakini chepesi. Mahali fulani kati ya cha pili na cha nne utakutana na kimoja ambacho harufu bado ipo, uzito wake mdomoni umetosha, na ulimi unasisimka bila kukauka. Baada ya hapo utaona rangi ikizidi huku ladha ikirudi nyuma, na cha mwisho utakijua: ndicho ulichokuwa ukikipika. Andika dakika ya kile ulichokipenda. Hiyo ndiyo saa ya majani yako, na hakuna mtaalamu anayeweza kukutajia kwa uhakika kuliko kikombe hicho. Kama hata kilicho bora ulikiona chepesi, rudia kwa gramu 6 au 7 lakini kwa dakika zile zile.

Maji nayo yana neno lao, maana kikombe cha chai ya rangi karibu chote ni maji. Yakiwa na harufu ya klorini, yaache kwenye chombo kipana usiku kucha au yapitishe kwenye kichujio cha mkaa. Yakiwa na chokaa nyingi, utaona utando mwembamba juu ya chai na alama ya kahawia pembeni mwa kikombe, huku ladha ikiwa imefifia. Kuyachemsha kwanza, kuyaacha yatulie na kumimina yale ya juu hupunguza chokaa hiyo. Wala usikimbilie maji yaliyoondolewa kila aina ya chumvi, kwani hayo nayo hutoa chai iliyopooza. Maji mazuri kwa chai ni yale unayoyafurahia ukiyanywa hivi hivi.

Watu wengi husema usichemshe maji mara mbili kwa sababu oksijeni inapotea. Oksijeni hupotea hata yakichemka mara ya kwanza, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi. Sababu yangu ya kupendelea maji mapya ni nyingine: maji yaliyolala kwenye birika huchukua ladha ya birika, na yanayochemshwa tena na tena huongezeka chumvi kadiri yanavyokauka.

Kwa chai nyeusi, maji yawe yanachemka kwelikweli wakati yanapogusa majani. Maji ya uvuguvugu hutoa rangi bila uhai. Ukiishi mahali pa juu, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi, takriban nyuzi 1 ya Selsiasi chini kwa kila mita 300 za kupanda. Kwenye mita 1,500 huchemka karibu na nyuzi 95. Huko ongeza majani kidogo au nusu dakika, na usiache kupasha chombo. Birika zito lililo baridi hunyang'anya maji joto kabla majani hayajapata chochote: mimina humo maji ya moto, lizungushe, yamwage, ndipo uweke majani.

Sasa tuje kwenye chai ya maziwa yenye viungo, maana ndiyo unayoipika. Kuweka kila kitu kwa pamoja kunakuharibia kwa sababu kila kitu kina muda wake. Tangawizi na mdalasini huhitaji kutokota. Majani huhitaji dakika chache. Maziwa hayahitaji kupikwa sana. Yakikaa motoni muda mrefu hupata harufu nzito ya kupikwa inayofunika chai, na hushika chini ya sufuria. Iliki haitaki moto mrefu hata kidogo. Ukiviingiza vyote kwa mlango mmoja, lazima kimoja kiwe kibichi au kingine kiungue.

Kwa vikombe viwili, chukua mililita 300 za maji na mililita 150 za maziwa. Ponda kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa nusu kidole gumba, kitie kwenye maji pamoja na kijiti kifupi cha mdalasini ukipenda, funika, acha vitokote dakika 5 hadi 7. Kando, pasha maziwa mpaka yaanze kufuka. Maji ya viungo yakiwa yanachemka, weka gramu 6 za majani ya punje, punguza moto, funika, hesabu dakika 2. Majani yakutane na maji kwanza bila maziwa. Kwenye maji matupu hutoa ladha upesi, lakini maziwa yakiwamo tangu mwanzo kazi hiyo hupungua. Kisha mimina maziwa ya moto, pandisha moto, na yakianza kuumuka mara moja tu, zima. Hapo ndipo utie punje tatu za iliki ulizozipasua na kuziponda kwenye kinu sasa hivi, si jana. Funika dakika moja au mbili, chuja. Usikamue majani kwenye chujio kwa nguvu, kwani tone la mwisho ndilo kali kuliko yote.

Huenda utashangaa kwa nini chai ya maziwa huvumilia moto kuliko chai ya rangi. Protini za maziwa, hasa kaseini, hushikana na polifenoli kabla hazijafika ulimini, ukakasi ukapungua. Ndiyo maana gramu nyingi zaidi zinafaa. Lakini maziwa hayawezi kurudisha harufu iliyokwisha ruka, kwa hiyo kanuni ya muda inabaki pale pale.

Kuhusu maziwa kukatika: mara nyingi mkosaji ni tangawizi mbichi. Ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, na hufanya kazi kwa bidii zaidi pale maziwa yanapokuwa ya moto lakini hayajachemka. Ukiweka tangawizi na maziwa baridi kwenye sufuria moja na kuvipasha polepole, unakipa kimeng'enya nafasi yote kinayoitaka. Kuchemka hukiua, na ndiyo sababu tangawizi itangulie kwenye maji dakika kadhaa kabla ya maziwa kuingia. Sababu ya pili ni maziwa yaliyoanza kuchacha: yanaweza kuonekana mazima, lakini yakipata joto hukatika. Kama una shaka, chemsha vijiko viwili peke yake kwanza. Yakikatika pale, umeiokoa sufuria nzima.

Viungo vingine nitavigusa kwa ufupi. Magome na mizizi, kama mdalasini na tangawizi, hutangulia. Mbegu na majani yenye harufu, kama iliki na mchaichai, huja mwishoni. Karafuu ni kali sana, moja inatosha vikombe viwili, na mtu mwenye pua nyepesi anaweza kuiona hiyo moja imezidi. Tumia viungo vizima ukaviponda mwenyewe: vya unga hupoteza harufu kwenye kopo, na mdalasini wa unga huifanya chai iwe na utelezi na kuziba chujio. Zaidi ya yote, kwa wiki za mwanzo tumia kiungo kimoja kwa siku. Huwezi kujua iliki inafanya nini kwenye chai yako kama kila siku imeandamana na wenzake watano. Na kama majani yenyewe hayanukii, viungo havitakupa chai. Vitakupa maji ya viungo.

Sukari iwe ya mwisho, baada ya kuonja. Haidhuru chai kwa kuchemshwa nayo, lakini hufunika uchungu, na mwanafunzi anayetia sukari mapema haoni kosa lake lilipo. Onja kwanza bila kitu. Ukiona inavumilika bila sukari, umepika vizuri, halafu tia upendavyo. Limau nalo ni zuri kwenye chai ya rangi. Asidi yake itaipausha rangi mara moja, jambo la kawaida lisilopunguza nguvu ya chai. Ila usilikutanishe na maziwa.

Siku ukitaka kujaribu chai ya kijani, usiipike kwa njia hii. Maji yawe nyuzi 75 hadi 80, dakika 2, bila maziwa. Kama huna kipimajoto, acha maji yaliyochemka yakae dakika kadhaa kwenye chombo wazi kabla ya kuyamimina. Wanaosema chai ya kijani ni chungu, wengi wao wameimwagia maji yanayochemka.

Nimesema majani yako huenda hayana tatizo. Hakikisha hivi: fungua kopo, pumulia majani hewa ya moto kutoka mdomoni, kisha nusa. Unyevu wa pumzi huamsha harufu. Majani mazima hunukia wazi na kwa utamu. Yakinukia karatasi au yasiponukia kitu, yamechakaa, na hakuna kipimo kitakachoyafufua. Yachunguze pia kwa macho. Nyuzi nyingi za hudhurungi hafifu ni vikonyo, ambavyo vina ladha kidogo. Nunua pakiti ndogo utakayoimaliza ndani ya miezi michache, iangalie tarehe yake, na ukiifungua uhamishie majani kwenye kopo lisilopitisha mwanga wala hewa. Chai hunyonya harufu ya jirani yake kwa haraka. Ndivyo chai ya yasmini inavyotengenezwa, kwa kulaza majani pamoja na maua. Kopo lako likikaa karibu na sabuni, vitunguu au hata viungo vyenyewe, utavinywa. Friji nayo ina unyevu na harufu za kila kitu, kwa hiyo mahali pake ni kabati kavu lililo mbali na jiko.

Ukipika ya kuweka kwenye chupa ya chai, ichuje kabisa kwanza, maana majani yakibaki ndani yanaendelea kutoa ukakasi saa zote. Isuuze chupa kwa maji ya moto kabla ya kumimina. Chai ya rangi itakaa vizuri kwa saa moja au mbili, kisha itaanza kuwa nyeusi na kupoteza harufu. Ya maziwa huchoka mapema zaidi, kwa hiyo ukiweza, weka chai ya rangi iliyokolea kwenye chupa na maziwa ya moto utie wakati wa kunywa. Iliyobaki usiirudishe motoni. Pika nyingine, inachukua dakika kumi tu.